Nafasi ya Mtu Mmoja

Hivi wewe, umeshawahi kuona ndege mia tatu wamesimama majini wamebanana, halafu katikati yao wameacha nafasi ya mtu mmoja?

Mmoja, sio wawili. Nafasi nyembamba ya mtu aliyesimama wima, miguu pamoja, mikono kaibana mbavuni. Yangeyange kushoto, kwarara kulia, vitwitwi wanakimbiakimbia mbele wakidonoa tope, na kila wakifika pale wanakata kona, kama wateja wa soko la Mabibo wanavyomkwepa mtu aliyesimama katikati ya njia kusoma meseji.

Talha aliiona nafasi hiyo kwenye kioo cha kamera, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bwawa la Kaniki, Bunju ya mwisho kule ambako lami imekata tamaa. Akavuta lenzi. Maji matupu. Akajiambia labda kuna gogo chini, labda kenge kajilaza. Degree yake ya usimamizi wa wanyamapori ilimfundisha kuwa kila kitu kina maelezo. Haikumfundisha cha kufanya maelezo yakiisha.

Na degree yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa imemfanyia nini? Mwaka wa nne iko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, imepigwa lamination mende wasiile. Kila tangazo la kazi linataka experience ya miaka mitano, na mtu ambaye hajawahi kuajiriwa aipate wapi hiyo experience, hilo hakuna afisa aliyewahi kulijibu. Kamera alinunuliwa na mama yake, Bi Mwanakombo, kwa mikeka. Mama anasuka, na ukindu anaukata Kaniki hiyohiyo toka Talha hajazaliwa: anavua ndala, anapandisha kanga, anaingia kwenye maji meusi mpaka magotini, anatoka na mzigo kichwani. Kwa hiyo ukitaka kujua lile bwawa lilimsomesha nani, lilimsomesha Talha.

Kaniki ilikuwa hifadhi. Kibao cha kuwatangaza ndege kilikuwepo, kimeliwa na kutu ikabaki picha ya mdomo na miguu. Halafu akatokea mwekezaji mwenye ramani ya nyumba mia mbili, na nyuma ya mwekezaji akatokea Godlisten.

Godlisten alikuwa mshauri wa mazingira mwenye ofisi Kinondoni, shati limenyooka, sauti ya mtu anayekupenda. Kazi yake ilikuwa kuandika tathmini, ile ripoti inayosema bwawa likifukiwa nani ataumia. Alihitaji mtu wa kupiga picha za ndege na kusaini kama mtaalamu.

"Ukinimalizia hii, dogo, mwezi wa tisa unaingia payroll," alisema. "Permanent. Sikutanii."

"Nashukuru sana, bosi."

"Ila picha nataka za saa saba mchana."

Talha akacheka, akidhani ni mzaha. "Bosi, saa saba ndege hawapo. Jua lile, wote wanajificha kwenye matete."

"Ndiyo maana," Godlisten akasema, akarudi kwenye laptop yake.

Basi Talha akawa anakwenda mara mbili. Saa saba alikwenda kwa ajili ya Godlisten, akapiga picha za maji yanayong'aa kama sahani iliyolambwa. Alfajiri alikwenda kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee duniani alichokijua vizuri: kulala kifudifudi kwenye tope, kuzuia pumzi, kumsubiri kulasitara ainue mguu.

Asubuhi ile ya nafasi, ndipo alipousikia mlio.

Ulitoka kwenye matete. Ulikuwa kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi wa shingo nyembamba, yakikaribia kuisha, na mwisho wake ulipanda kidogo, kama mtu anayeuliza. Talha aliwajua ndege wa pwani kwa masikio kuliko alivyowajua shangazi zake. Huyu hakumjua. Moyo ukamruka kwa furaha, maana mtu asiye na kazi akigundua ndege mpya si mtu asiye na kazi tena. Akatoa simu, akaurekodi.

Sasa, wapiga picha wa ndege wana mchezo wao. Ndege akijificha, unamchezea mlio wake mwenyewe kwenye simu. Anadhani mwenzake kaja, au mgomvi wake kaja, anatoka kuangalia, wewe unapiga picha. Wenye staha wanacheza mara moja tu na kuacha, kwa sababu si vizuri kumhangaisha kiumbe nyumbani kwake. Talha alilijua hilo. Aliwahi hata kulifanyia presentation chuoni. Akacheza mara ya kwanza.

Ndege wote wakanyamaza.

Akacheza mara ya pili. Kwenye kioo, ile nafasi ilikuwa haipo tena katikati. Ilikuwa huku mbele, karibu na ukingo, na ndege waliokuwa pale walikuwa wamejisogeza taratibu bila kuruka, kama watu wanaompisha mkubwa.

Akacheza mara ya tatu, na hata leo ukimuuliza kwa nini aliendelea hatakwambia, atakwambia tu kwamba kidole kilibonyeza, na kwamba mlio ulipoisha kwenye simu haukuisha, uliendelea nyuma yake, usawa wa sikio lake naye kalala chini, maana yake mwenye kulia alikuwa kainama, na pamoja na mlio ikaja harufu ya ukindu uliolowekwa, harufu ya stoo ya mama yake, tamu, na chini ya utamu huo harufu ya tope ambalo halijawahi kuona jua, na shingo yake ikapata baridi ya maji yanayodondoka, tone, tone, ilhali mbingu ilikuwa nyeupe haina hata wingu.

Hakugeuka. Alikusanya vitu vyake akiwa anaangalia chini, akaondoka.

Nyumbani akazifungua picha. Picha baada ya picha, nafasi inasogea. Ya mwisho haikuwa na nafasi yoyote. Ndege walikuwa wamejaa, wamebanana, na wote mia tatu walikuwa wamegeuza vichwa wanaitazama kamera. Au aliyekuwa nyuma ya kamera.

"Ulipiga hodi?" mama yake akamuuliza. Alikuwa sebuleni anachambua ukindu, hakuinua hata macho.

"Hodi kwa nani, mama? Kule porini?"

"Sie wasukaji tunapiga hodi Kaniki. Mara mbili. Unasubiri, unaingia, unakata, unatoka. Mara mbili ndiyo adabu. Ya tatu anapiga mtu anayetaka kufunguliwa."

Talha akaitazama simu mkononi mwake. "Mama, ile ni ecosystem tu."

"Haya. Na mwenyewe wa pale?"

Mdogo wake Nusaiba, mwenye diploma ya uuguzi inayooza kwenye bahasha kama ile ya kaka yake, akadakia kutoka jikoni: "Mama, huyu hata dunia ikiisha ataandika proposal."

Wiki iliyofuata alikwenda Kinondoni kusaini. Ukurasa wa arobaini na moja uliandikwa hivi: *Katika kipindi chote cha uchunguzi hakuna kiumbe chenye umuhimu kilichobainika katika eneo la mradi.* Chini yake nafasi za sahihi tatu: mtaalamu wa ndege, mshauri, na afisa wa kuidhinisha, ambaye hakuwahi kufika hata Bunju yenyewe. Talha alisoma ule mstari mara mbili. Zile picha za alfajiri zilikuwa kwenye begi, mgongoni kwake. Akawaza mwezi wa tisa. Akawaza mama yake miaka sitini na mbili, magoti majini. Akasaini.

Hapo usimtafutie kisingizio. Hata yeye hajitafutii.

Matipa yakaanza siku ya Jumatatu, yakamwaga kifusi mchana kutwa, vipande vya kuta za watu, mabati, vigae vya choo. Ndege walizunguka juu siku mbili, ya tatu wakaenda wanakokwenda ndege. Mwezi wa tisa ukafika. Talha akapiga simu, haikupokelewa. Akatuma meseji, tiki mbili za bluu zikatokea, na zikabaki hivyo.

Siku tipa la mwisho lilipofunika dimbwi la mwisho, tanki la maji uani kwao likalia.

Nusaiba ndiye aliyeusikia kwanza. "Kuna ndege kaingia kwenye simtank."

Talha alikuwa anakula. Akalirudisha tonge sahanini. Ule mlio wa mtungi, na ule mwisho wake wa kuuliza. Akapanda, akafunua mfuniko. Maji, na uso wake.

Kuanzia hapo kuku wa jirani wakawa wanaingia uani kudonoa makombo, na katikati yao wanaacha nafasi. Kunguru wakitua ukutani wanajipanga saba huku, saba kule, na pengo katikati. Kila siku pengo linaukaribia mlango. Talha alikuwa anakaa barazani na kamera mapajani, anawatazama kama mtu anayemwona mdai wake akija toka mbali na hana pa kukimbilia.

Ijumaa moja asubuhi mama yake aliomba beseni.

"Miguu inaniwaka," alisema. Akaweka maji, akasimama ndani. Akasema ahh, kama mtu aliyefika.

Hakutoka. Alisali kwa kuashiria, kasimama ndani ya beseni. Alisuka kasimama. Walipomtoa kwa nguvu ngozi ya nyayo ikapasuka mbele ya macho yao, mistari mistari, kama tope la kiangazi, hadi ikafika kwenye vifundo, na Nusaiba ndiye aliyepiga kelele kwamba wamrudishe, rudisheni miguu majini. Hospitali walisema ni mzio, wakampa krimu. Na yale maji, ndoo nzima wakimwaga asubuhi, adhuhuri beseni kavu na sakafu kavu. Bunju maji ya bomba yanatoka mara moja kwa wiki, yakijisikia. Talha akawa anasomba ndoo kutoka kisima cha mbali, ishirini, thelathini, mgongo umekufa.

"Hata jini la nchi hii linaishi kwa mgao," Nusaiba alisema.

Siku ya kumi na mbili mipasuko ilikuwa magotini. Mama alikuwa anakauka kuanzia chini kwenda juu, na kila mtu mle ndani alijua ikifika kifuani itakuwaje.

Wakamleta Mzee Nurdin kutoka Temeke. Mganga, ndiyo, lakini usimfikirie na mkia wa ng'ombe. Miaka thelathini alikuwa karani bandarini, anahesabu mizigo inayoshushwa. Amestaafu na miwani yake, daftari lake, na kalamu mbili mfukoni. Alifika mchana kweupe, akavua viatu, akaangalia beseni.

"Shikamoo mzee," Talha akasema.

"Marahaba. Mgonjwa kala? Haya. Washa ubani, ufunge madirisha. Na simu zizimwe, sipendi kuingiliwa kazini."

Moshi ulipojaa, akakaa mbele ya Bi Mwanakombo, akamwaga marashi kwenye kisahani, akasoma kwa sauti ya chini alivyojua kusoma. Halafu akauliza, kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni kaunta:

"Nani mwenzetu?"

Mama akainua uso. Macho yalikuwa yake. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu anayeongea na maji kooni.

"Mwenyeji."

"Mwenyeji wa wapi?"

"Nilikaa. Wakaja wa ndala, wakipiga hodi mbili. Nikawaachia ukindu. Nikawaachia samaki. Sikumgusa mtu."

"Ni kweli hukumgusa. Sasa mbona umemkalia huyu mama, umemfanya kiti chako? Unataka nini, tukupe uondoke? Wenzako huomba kanzu, huomba mbuzi mweupe, huomba pete. Sema tuandike."

Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya daftari.

"Maji yangu."

"Tukupeleke yalipo."

"Hayapo."

"Basi kwenu ni wapi, nikuandikie?"

Ubani ulipasuka kwenye chetezo. Kisha mama akageuza kichwa taratibu, kwa mkato, kama kulasitara anavyogeuza, akamtazama Talha, na harufu ile ya stoo na ya tope lisiloona jua ikapita chini ya moshi ikajaa chumba kizima, ikaingia puani, ikaingia mdomoni, mpaka Talha akaisikia kwenye meno, na ile sauti ikasema, bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikomvunja:

"Muulizeni huyu. Aliniita mara tatu kwa sauti yangu. Halafu akaandika kuwa sipo."

Mzee Nurdin akafunga daftari. Alikaa muda mrefu anafuta miwani.

"Mie nimefanya kazi bandarini, wanangu," akasema walipotoka uani. "Mzigo ukifika pasipotakiwa, unaurudisha ulikotoka. Ndiyo kazi yangu hata sasa. Natoa, narudisha. Lakini mzigo usio na anwani ya kurudishia, kijana wangu, huo haurudi. Unakaa palepale ulipo mpaka unaoza."

"Na mama?"

"Mama yako si bwawa. Ana mwili tu."

"Mzee, si kuna dawa yoyote, chochote…"

"Umesaini nini, wewe?"

Talha akamwambia. Mzee Nurdin akatikisa kichwa kidogo.

"Sahihi ngapi zipo?"

"Tatu."

"Basi hili si lako peke yako. Wenyewe walioandika hayupo waandike yupo, na wampe pa kukaa. Mie hapo nimefika mwisho wa kalamu." Hakupokea kitu. Akavaa viatu akaondoka.

Jioni ile Talha hakupumzika wala hakulia. Alichapisha picha zote za alfajiri stationery ya mtaani, mia na ishirini, akaandika ripoti upya kwa mkono, ukurasa wa arobaini na moja peke yake: *Yupo. Wapo. Nilidanganya.* Akasaini jina lake kamili.

Kesho yake saa tatu wakakodi kirikuu, kile kigari cha mizigo. Wakampandisha mama na beseni lake, Nusaiba kamshika kiuno, madumu sita ya maji pembeni. Njia nzima mpaka Kinondoni Talha alikuwa anamimina. Kwenye kila taa watu waliwashangaa. Mama aliangalia mbele tu, anasuka ukili hewani, vidole vitupu.

Mapokezi ya ofisi ya Godlisten yalikuwa na kiyoyozi, kochi refu, mashine ya maji ya kunywa na dada mmoja aitwaye Clara.

"Mna appointment?" Clara akauliza. Halafu akaliona beseni. "Samahani kaka, hilo haliruhusiwi humu."

"Bosi wako yupo?"

"Yupo kwenye kikao na mwekezaji. Na afisa wa kuidhinisha."

"Vizuri. Wote watakuwa wamekaa."

Wakamweka mama katikati ya vigae. Kwenye kochi kulikuwa na watu sita wanasubiri, wanachezea simu. Hakuna aliyewaambia kitu, hakuna aliyeinua uso, lakini Talha aliona, kwa jicho lilelile la miaka yote ya kuviziavizia, jinsi walivyojisogeza mmoja mmoja, watatu huku, watatu kule, wakaacha katikati nafasi ya mtu mmoja.

Mashine ya maji ikabubujika. Povu moja likapanda, kisha lingine, na mlio ukatoka, wa mtungi wa shingo nyembamba.

Bi Mwanakombo akafungua kinywa. "Hodi," akasema kwa ile sauti ya maji.

Ndani waliendelea kucheka kitu fulani.

"Hodi."

Clara alikuwa amesimama, mkono kwenye koo, anaangalia sakafu. Maji yalikuwa yanatambaa chini ya mlango wa ofisi kwenda ndani, ingawa hakuna aliyemwaga.

"Mama, basi," Nusaiba akanong'ona. "Mbili zinatosha."

"Hodi."

Na Godlisten, mtoto aliyelelewa vizuri kama wote tulivyolelewa, akajibu kutoka ndani bila hata kufikiri:

"Karibu."

Kicheko kikakatika. Mtu akaanza kukohoa humo ndani, kikohozi cha majimaji. Bi Mwanakombo akashusha pumzi. Akainua mguu wa kulia, akautoa kwenye beseni, akauweka kwenye kigae kikavu. Ngozi haikupasuka. Akaujaribu mguu wa pili, uso ukakunjamana, akaurudisha majini.

"Mmoja tu, mwanangu," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Huu mwingine bado kaushika."

Talha akachukua zile picha mia na ishirini na ule ukurasa wake, akausukuma mlango kwa bega. Godlisten alikuwa nyuma ya meza, viatu kavua, soksi kavua, miguu yake miwili ndani ya ndoo ya taka iliyojaa maji meusi, na hakujua aliitoa wapi. Mwekezaji na afisa walikuwa wamebana ukutani, mmoja huku, mmoja kule.

"Dogo," Godlisten akasema. "Talha. Braza. Hii ni nini?"

Talha akaweka karatasi mezani, akaweka kalamu juu yake.

"Yangu nimeshasaini. Bado zenu mbili. Halafu nyie watatu mnapiga simu, hapahapa, mbele yangu, matipa yarudi Kaniki yakazoe kifusi chote, kigae kimoja kimoja, mpaka maji yatoke. Kibao kirudi. Ndege warudi. Mwenyewe arudi kwake. Mama yangu ana mguu mmoja humo kwenye beseni na mie sina maji ya kesho. Sainini."